Kabla ya Zile Siku 15: Maneno juu ya Smita Patil

(Hotuba iliyotolewa kabla ya kuonyeshwa filamu ya Manthan)

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma, karibuni. Huku mbele viti vipo, sogeeni.

Nimeombwa nizungumze habari za Smita Patil, mwigizaji wa filamu wa India, kabla taa hazijazimwa. Tangu nikubali, karibu kila niliyemwambia ameniuliza swali lile lile: "Si ndiye yule aliyekufa kijana?" Ndiye. Basi hilo tulimalize mapema, nisiwaweke roho juu. Smita Patil alizaliwa Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, tarehe 17 Oktoba 1955. Alifariki Bombay, mji ambao leo tunauita Mumbai, tarehe 13 Desemba 1986. Alikuwa na miaka 31. Siku 15 kabla alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kilichomwondoa ni matatizo yaliyotokana na uzazi.

Nitarudi huko. Lakini nawaomba tusianzie huko. Mwigizaji akifa kijana, watu hupenda kumsimulia kinyumenyume. Kila picha yake hutazamwa kwa jicho la msiba. Akicheka, tunaambiwa kicheko kilikuwa na huzuni ndani yake. Akinyamaza, tunaambiwa alikuwa akijua. Nimesoma maandishi mengi juu ya macho ya Smita, na karibu yote yanasema macho yale yalikuwa yameshaona mwisho. Mimi nakataa. Mwanamke yule alikuwa kazini. Alifanya kazi miaka 11, katika filamu zinazohesabiwa kuwa zaidi ya 80, kwa Kihindi, Kimarathi, Kigujarati, Kibengali, Kimalayalam. Mtu wa namna hiyo anastahili kusimuliwa kazi yake kwanza.

Wazazi wake walikuwa watu wa siasa na huduma za jamii, na nyumba yao haikuwa nyumba ya sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Smita, msichana mdogo, akapata kazi ya kusoma habari kwa Kimarathi katika kituo cha televisheni cha Doordarshan pale Bombay. Televisheni ya India ilikuwa bado haina rangi. Waliomfahamu husimulia kwamba alikuwa akifika studio na suruali yake ya jinzi, na zamu ikikaribia anajizungushia sari juu yake. Kamera ilimchukua kuanzia kifuani kwenda juu, nani angejua?

Mimi huipenda hadithi hiyo, na si kwa sababu ya hiyo jinzi. Fikirieni kazi ya msomaji habari ilivyo. Unakaa umetulia, unaitazama kamera usoni, unasema maneno yaliyoandikwa na mwingine, na huruhusiwi kuyatia madoido. Sinema ya Bombay ya siku zile ilikuwa na madoido mengi: machozi kwa ndoo, mikono hewani, nyusi zinapanda zinashuka. Huyu alikuja amekwisha kuzoea kutulia. Mwongozaji Shyam Benegal, aliyetutoka Desemba 2024, alimwona kwenye taarifa ya habari, akamtafuta. Mwaka 1975 akamweka kwenye filamu ya watoto, Charandas Chor, na mwaka huo huo kwenye Nishant. Hakumfundisha kutulia. Alimkuta anajua.

Kulikuwa na jambo jingine. Rangi yake ilikuwa maji ya kunde, na sinema ya nchi yake ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado iko, na ugonjwa wa kutaka kila mwanamke wa kwenye skrini awe mweupe kama maziwa. Smita hakujipaka weupe. Kwenye filamu mtakayoiona leo jua la Gujarat linampiga usoni, na uso unalipokea jua lile kama uso wa mtu aliyezaliwa chini yake.

Sasa nije kwenye Manthan yenyewe, ya mwaka 1976. Hapa mniruhusu nikae kidogo.

Jina lake maana yake ni kusukasuka, kama maziwa yanavyosukwasukwa mpaka siagi ijitenge. Ni hadithi ya daktari wa mifugo anayefika kijijini kuanzisha ushirika wa maziwa, na watu wanaoneemeka na umaskini wa wafugaji wanapambana naye. Nyuma ya hadithi kuna mambo ya kweli: vyama vya ushirika vya wafugaji wa Gujarat, na Verghese Kurien, mtu aliyewasaidia kuvijenga mpaka India ikawa nchi ya maziwa mengi. Benegal alipotaka kutengeneza filamu hakuwa na fedha. Fedha zikatoka kwa wafugaji wenyewe. Wafugaji 500,000, kila mmoja akatoa rupia 2. Jumla yake ni rupia milioni 1, na ndiyo iliyotengeneza filamu hii. Mtaona kwenye maandishi ya mwanzo imeandikwa kwamba wafugaji wa Gujarat wanaileta. Filamu ilipotoka walikuja mijini kwa malori kuitazama. Ilikuwa mali yao.

Naomba muwaze uzito wa zile rupia 2 zikiwa mabegani mwa msichana wa miaka 20 hivi. Smita anacheza Bindu, mwanamke maskini, Mdalit, yaani mtu wa tabaka la chini kabisa, mwenye mtoto mdogo, na mume aliyemtelekeza. Waliochangia filamu walikuwa na kina Bindu majumbani mwao. Walijua mwanamke anavyochuchumaa kukamua nyati wa kufugwa, anavyobeba chombo kichwani, anavyomjibu mgeni wa mjini bila kumtazama na bila kumwogopa. Kosa moja la mkono na nusu milioni ya watu wangeliona. Mimi nimeitazama mara nyingi, na kila mara huwa naangalia mikono yake. Haina haraka ya mwigizaji anayetaka tuone kwamba amejifunza. Inafanya kazi yake na akili iko kwingine, kama mikono ya mtu anayefanya jambo kila siku tangu utotoni.

Kuna mahali ambapo mume wa Bindu amerudi, na Bindu anatiwa kwenye njama ya kumchafua daktari. Analetewa karatasi asiyoweza kuisoma, aweke dole gumba. Sitawaambia zaidi. Nawaomba tu mtakapofika hapo msimtazame daktari wala mume. Mtazameni yeye.

Mwaka mmoja baadaye ikaja Bhumika, maana yake "uhusika". Ilitokana na maisha ya kweli ya Hansa Wadkar, mwigizaji wa filamu za Kimarathi aliyesimulia mwenyewe habari zake: umaskini, jukwaa akiwa mtoto, mume anayekula jasho lake, wanaume waliokuja na ahadi. Smita alikuwa na miaka 21 au 22. Alitakiwa awe binti anayekimbia kwa furaha, mke aliyechoka, nyota wa sinema, na mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba kubwa na tajiri anayempa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kutoka mlangoni. Wote hao katika filamu moja, na ndani yake tena kuna filamu anazoziigiza yule mhusika, kila moja kwa mtindo wa zama zake. Alipewa Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike. Wapo wanaofika hapo wakiwa na miaka 50, na wapo wasiofika kabisa.

Baada ya hapo kazi zilimiminika. Mwongozaji Mrinal Sen alimpeleka Bengal kwa ajili ya Akaler Sandhane, filamu juu ya watu wa sinema wanaofika kijijini kuigiza njaa kuu ya mwaka 1943, na mwigizaji ndani ya hadithi anaitwa Smita. Satyajit Ray alimchukua kwa Sadgati. Govind Nihalani, ambaye ndiye aliyeshika kamera katika Manthan, alimwita kwa Aakrosh na Ardh Satya. Na Jabbar Patel alimpa Umbartha mwaka 1982, kwa Kimarathi. Neno hilo maana yake ni kizingiti. Mwanamke aliyesoma, mwenye mume mzuri na mtoto, anakwenda mbali kusimamia nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokataliwa na jamii. Akirudi anakuta nafasi yake imejazwa. Nikitakiwa kuchagua kazi moja tu ya Smita ibaki duniani nyingine zote zipotee, ningeichagua hiyo, na ningeilia Manthan maisha yangu yote.

Lipo jambo la Chakra, ya 1981, ambalo linaniuma hadi leo. Humo alikuwa mama wa mtaa wa mabanda wa Bombay. Alikwenda kwenye mabanda yenyewe akakaa na watu, akajifunza wanavyoishi. Ilimpatia Tuzo ya Taifa kwa mara ya pili. Ndani ya filamu kuna mahali anapooga nje, kwenye bomba, kwa sababu wanawake wa mabanda hawana bafu, wanaoga wanapopata maji. Ilipofika wakati wa kuuza filamu, walichukua picha ya kuoga wakaibandika kwenye mabango ya mitaani. Mwanamke aliyeonyeshwa ili tuuone umaskini wake akageuzwa chambo cha kuvutia wanaume wakate tiketi. Smita alilisema jambo hilo wazi, kwa hasira. Wenzangu mnaotengeneza mabango, na leo mnaotengeneza zile picha ndogo za kubofya kwenye simu, mnajua ninasema nini.

Baadaye akaingia pia kwenye filamu za soko. Mwaka 1982 alikuwa na Amitabh Bachchan katika Namak Halaal, na kuna wimbo wa mvuani, sari imelowa, ambao India nzima iliucheza. Inajulikana kwamba alisononeka sana kwa ule wimbo. Wapo waliosema amewasaliti watu wa sinema makini. Mimi sikubaliani nao. Sinema makini ilimpa heshima, lakini heshima hailipi kodi ya nyumba, na wale wale waliomtaka abaki maskini na safi walikuwa wakiwaita waigizaji wenye majina makubwa wa filamu za soko fedha zilipopatikana. Aliona kama filamu kubwa ndizo zinazowaleta watu ukumbini, acha azicheze, ili jina lake lizisaidie na zile ndogo.

Mwaka huo huo alikuwa kwenye Arth, akicheza mwanamke ambaye sisi tungemwita nyumba ndogo, yule anayemchukua mume wa mwenzake. Shabana Azmi ndiye mke. Ingekuwa rahisi sana kumfanya mwovu. Smita alimcheza kama mtu anayekatika vipande vipande kwa hofu, asiyelala, asiyeamini kwamba alichokichukua ni chake. Ukitoka pale humchukii. Unamwonea huruma, na unajishangaa.

Nalitaja hilo kwa sababu sitaki kuwapitishia maisha yake kwenye chujio. Alimpenda mwigizaji Raj Babbar, aliyekuwa na mke na watoto. Magazeti na mashabiki walimlaumu vikali, na waliomlaumu zaidi ni wale waliokuwa wamemwona kwenye Umbartha wakamfanya bendera yao. Walikuwa na haki ya kuhuzunika. Lakini bendera ni kitambaa, na huyu alikuwa mtu. Nampenda Smita Patil na sihitaji awe mtakatifu ndipo nimpende.

Sasa turudi kule tulikoahidiana.

Mtoto alizaliwa tarehe 28 Novemba 1986. Tarehe 13 Desemba mama hakuwepo. Mwaka uliotangulia serikali ya India ilikuwa imempa nishani ya Padma Shri. Alikuwa na filamu zilizokwisha na zilizokuwa zikisubiri. Kwa Kiswahili tuna neno nifasi, na tuna neno arobaini. Mama aliyejifungua hutazamwa siku 40: haachwi peke yake, anakandwa, anapikiwa. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba mtoto kutoka salama si mwisho wa safari. Madaktari nao, wanapohesabu vifo vya uzazi, huhesabu mpaka siku ya 42 baada ya ujauzito kwisha. Hesabu mbili kutoka njia mbili zimekutana karibu mahali pamoja.

Sababu ya kuhesabu hivyo ni hii. Kondo la nyuma linapobanduka, ndani ya mji wa mimba hubaki kidonda kikubwa kibichi. Vijidudu vikiingia hapo vina njia ya kwenda kwenye damu. Dalili huanza kama homa tu, baridi, maumivu ya tumbo, uchovu, na mama aliyejifungua nani asiyechoka? Ndiyo maana watu huchelewa. Huko Vienna mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaonyesha wenzake kwamba wakinawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa kina mama wanaojifungua, vifo vya homa hiyo vinashuka sana, na wengi hawakumsikiliza. Dawa za kuua vijidudu zipo kwa miongo mingi. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake 260,000 hivi walikufa kwa ujauzito na uzazi. Ni zaidi ya 700 kila siku, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini ya kati. Karibu wote wangeweza kupona.

Smita aliishi Bombay, alikuwa na jina na watu wa kumzunguka. Alitumia miaka 11 akiuazima uso wake kwa kina Bindu, wanawake ambao kifo cha namna hii huwafika bila gazeti kuandika. Kikamfika na yeye. Nikiwaza hapo huwa sina neno la kuongeza, na sitajifanya ninalo.

Mpambaji wake, Deepak Sawant, amesimulia kisa kimoja. Smita alikuwa amemwona mwigizaji mwingine akipambwa uso huku amelala, naye akataka apambwe hivyo hivyo. Deepak akakataa, akamwambia itakuwa kama anampamba maiti. Smita pia alikuwa amemwambia kwamba siku akifa, ampambe kama bibi harusi. Siku ile ya Desemba ilipofika, Deepak alimpamba, amelala, kama alivyotaka.

Mwaka 1987, baada ya mazishi, ilitoka Mirch Masala ya Ketan Mehta. Wanawake wamejifungia ndani ya kiwanda cha pilipili wakimlinda mwenzao asichukuliwe na mtoza ushuru wa enzi za wakoloni. Picha ya mwisho ni Smita amesimama na mundu mkononi, vumbi la pilipili jekundu hewani. Watu walikaa gizani wakimtazama akiwa mzima namna ile.

Mtoto wa siku 15 alilelewa na babu na bibi yake wa kwa mama. Alikua, akawa mwigizaji na yeye. Filamu yake ya kwanza ilitoka 2008. Mwaka 2025 alibadilisha jina lake hadharani, akajiita Prateik Smita Patil. Mwaka mmoja kabla, Mei 2024, filamu hii tunayoitazama leo, baada ya mkanda wake kusafishwa na kurekebishwa na Film Heritage Foundation, taasisi ya India ya kuhifadhi filamu, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mwigizaji Naseeruddin Shah alikuwepo. Mtamwona humu kijana, mkali, akiitwa Bhola. Prateik naye alikuwepo. Alikuwa na miaka 37. Alikaa kitini, taa zikazimwa, na mama yake akatokea mbele yake, ana miaka 20 hivi, jua usoni, chombo cha maziwa kichwani.

Tafadhali, taa.